Mgahawa hauna kibali cha afya: hatua za kufuata kabla ya kufika mahakamani

Nawaandikia maafisa afya wa kata mlioanza kazi karibuni, hasa mliopangiwa maeneo yenye vibanda vingi kama Buguruni, Manzese au Tandale.

1. Pita kwanza serikali ya mtaa. Omba mjumbe akusindikize, na kitambulisho chako kionekane. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inakuruhusu kuingia na kukagua kwa muda unaofaa. Kwa mama lishe, saa saba mchana wateja wakiwa wamejaa si muda unaofaa. Nenda saa nne asubuhi, maharage yakiwa bado jikoni, uone maji yanachotwa wapi na vyombo vinaoshwaje.

2. Omba karatasi, moja moja. Leseni ya biashara si kibali cha afya, na vyote viwili si kadi za kupima afya, ambazo kila anayeshika chakula huzihuisha kila baada ya miezi sita. Ukionyeshwa cheti cha TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, mweleze kwa upole kwamba tangu 2019 masuala ya chakula yako TBS, Shirika la Viwango. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 2018, hakimwondolei mtu wajibu wa kupima afya.

3. Kagua jiko. Maji, mikono, choo, taka. Kipindupindu cha Agosti 2015 kililipuka hapa hapa Dar, na kilipita kwenye maji na mikono. Mtu anaweza kuwa na karatasi zote lakini anasuuzia sahani hamsini kwenye beseni moja. Huyo naye mwandikie ilani.

4. Andika ilani inayotekelezeka. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. "Boresha usafi" si ilani, kwa sababu hakuna hakimu atakayejua kama imetekelezwa. Andika hivi: "Weka ndoo ya kunawia yenye koki na sabuni mlangoni. Wahudumu wawili wapime afya. Omba kibali. Mwisho ni siku 14 kuanzia leo." Msomee kwa sauti, asaini, umwachie nakala. Akigoma kusaini, andika kwamba amegoma na mjumbe asaini kama shahidi. Niliwahi kupoteza kesi niliyokuwa na uhakika nayo kwa sababu nakala yangu haikuwa na saini ya mtu yeyote. Yule bwana alirudi kuuza supu kesho yake, kwenye beseni lile lile, na bado inaniuma.

5. Usishike pesa yake. Hata akikusihi umlipie ada kwa kuwa hajui mambo ya simu. Mpatie kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali, akalipe benki au kwa wakala, alete stakabadhi. Ukishika elfu kumi yake leo, kesho huna mdomo wa kumwambia afunge.

6. Rudi siku uliyoandika. Usirudi wiki mbili baada ya siku hiyo. Aliyetekeleza nusu na anahangaika, mwongezee siku, ila kwa maandishi. Asiyegusa chochote, peleka jalada kwa mwanasheria wa halmashauri: ilani, picha zenye tarehe, jina la shahidi.

Amri ya kufunga ikitoka, itekelezeni alfajiri kabla moto haujawashwa. Kumwaga sufuria la wali wa mtu mbele ya wateja kunamtia hasara ambayo amri haikuitaja, na mtaa mzima utakufungia milango.