Kuwasilisha programu ya simu Google Play na App Store: hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Fungua akaunti mapema. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu, ilhali Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hulazimika kwanza kuijaribu programu kwa watu wasiopungua 12, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo, ndipo iombe kuitoa kwa umma. Kwa hiyo usimwahidi mteja wiki ijayo.

Hatua ya 2: Punguza ruhusa. Programu ya kuagiza chakula haina sababu ya kusoma SMS za mtu. Fomu ya usalama wa data, yaani ile unayotajia duka taarifa ambazo programu hukusanya, nayo ilingane na sera ya faragha, pamoja na taarifa zinazokusanywa na maktaba za watu wengine (vifurushi vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa) ulizoziingiza, jambo ambalo wengi hulisahau.

Hatua ya 3: Hakikisha mkaguzi, yaani mtu wa Google au Apple anayeipitia programu kabla haijatolewa, anaweza kuingia. Hapa ndipo programu nyingi za kwetu hukwama, kwa kuwa huingiwa kwa namba ya simu inayoanza na +255 au +254, na msimbo wa uthibitisho hutumwa kwa SMS ambayo mkaguzi aliye ng'ambo hataipata kamwe. Tenga namba moja ya majaribio, uielekeze seva iikubalie msimbo usiobadilika, kwa mfano 123456, bila kutuma SMS yoyote, kisha uviandike vyote viwili katika maelezo ya mkaguzi. Akaunti hiyo isiwe tupu: iwe na oda mbili tatu na historia ya malipo, ili kila ukurasa uonyeshe kitu. Seva isizimwe ukaguzi ukiendelea. Na kama mtumiaji anaweza kufungua akaunti ndani ya programu, aweze pia kuifuta humo humo.

Hatua ya 4: Tenganisha malipo. Bidhaa za kushikika na huduma kama usafiri hulipiwa kwa M-Pesa bila tatizo. Maudhui ya kidijitali, kama masomo ya video yanayofunguliwa ndani ya programu, kwa kawaida hutakiwa yapitie mfumo wa malipo wa duka lenyewe.

Hatua ya 5: Ukikataliwa, soma kifungu cha kanuni kilichotajwa kabla ya kugusa msimbo wa programu. Ikiwa Apple wamekosa maelezo tu, wajibu katika ujumbe ule ule. Mara nyingi hawahitaji toleo jipya. Ukilazimika kupakia faili jipya Google Play, ongeza kwanza namba ya toleo, la sivyo litakataliwa hata kabla ya kumfikia mkaguzi.