Shule ya karakana imelemewa na madeni? Hivi ndo tulivyoinyanyua, na jinsi ya kuandika ripoti ya mwaka

Naandika hii kwa ajili ya mtu yeyote aliyekabidhiwa shule ya ufundi isiyo ya biashara, yani ile karakana inayofundisha vijana useremala, kuchomelea na cherehani, alafu akafungua kabati akakuta madeni. Mimi nimeshika daftari la hesabu kwenye shule ya namna hiyo hapa Tanga, tulikua na mfadhili mmoja tu, mkataba wake ukaisha hakuongeza, na ndani ya miezi michache mafundi walimu wakawa hawajalipwa, umeme wa LUKU unanunuliwa kwa kuchangishana na muuza mbao hapokei simu zetu. Leo shule ipo na vijana wanahitimu. Njia yenyewe si ya siri ila inataka ukweli na inataka daftari, kwaiyo vumilia usome mpaka mwisho.

Kwanza kabisa orodhesha madeni YOTE kwenye karatasi moja. Sio kwenye kichwa cha mkuu wa shule, sio nusu kwenye simu nusu kwenye risiti za stoo, karatasi moja. Nani anatudai, kiasi gani, tangu lini, na tulimuahidi nini. Weka mishahara, pango, mali kauli za mbao na vyuma, kodi ya TRA, michango ya NSSF (akiba ya uzeeni ya wafanyakazi), na kitu ambacho watu wengi wanasahau kabisa: hela za wateja. Mteja aliyelipa advansi ya kitanda na kitanda hakijatengenezwa anakudai, andika jina lake. Na hela ya mfadhili aliyoleta kwa ajili ya vyerehani nyinyi mkalipia mishahara, hilo pia ni deni mpaka vyerehani vinunuliwe au mfadhili mwenyewe akubali kwa maandishi kubadili matumizi. Kwetu hii karatasi ilitukalisha kimya ofisi nzima, maana kila mtu alikua anajua kipande chake tu.

Alafu panga nani alipwe mwanzo. Watu wengi wanamlipa anayepiga kelele zaidi na hapo ndo wanazama. Sisi tuliweka mshahara wa fundi mwalimu mbele, kwa sababu fundi akiondoka hakuna shule. Sambamba na hilo ni NSSF, na hapa naomba tuelewane vizuri: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu anakatwa mfanyakazi na nusu anatoa mwajiri, sasa ile nusu uliyomkata ukaacha kuipeleka sio hela ya shule hata kidogo, ni uzee wa huyo mzee anayefundisha watoto randa, na kuchelewesha kuna adhabu juu yake kwaiyo deni halikai vilevile, linakua. Nenda ofisini kwao mwenyewe kabla hawajakufuata, omba kulipa kwa awamu. TRA hivyohivyo.

Kwa wauzaji usipige simu, nenda kwa miguu. Chukua karatasi, nenda Ngamiani dukani kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa, msalimie vizuri, mwambie mzee tunakudai... hapana, mzee UNATUDAI kiasi hiki, hatuna chote, tutaleta kiasi hiki kila Ijumaa. Taja kiasi kidogo ambacho una uhakika nacho. Muuza mbao wetu alituangalia muda mrefu akasema leteni tu nione, na baada ya Ijumaa nne mfululizo alitupa mbao tena, kidogokidogo. Ahadi ndogo inayotimia ina nguvu kuliko ahadi kubwa, yule mzee angetufungia mlango kama tungekosa Ijumaa ya pili.

Sasa tuje kwenye kiini cha ugonjwa. Shule ya karakana ina biashara ndani yake, inauza madawati, vitanda, mageti, sare, na ina shule ndani yake, inafundisha. Hivi vitu viwili vikikaa kwenye mfuko mmoja huwezi kujua kipi kinakula kingine. Tenga mafungu matatu: fungu la mafunzo (ada za wazazi na michango), fungu la uzalishaji (mauzo ya karakana), na fungu la hela zenye masharti za wafadhili, yani zile zilizotolewa kwa kazi maalum tu kama ile ya vyerehani. Kama huwezi kufungua akaunti tatu benki basi angalau daftari tatu na laini moja ya lipa namba ya shule, sio M-Pesa ya mtu. Hela ya mauzo kuingia kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kama nani, ndo mwanzo wa maneno na mafundi kuangaliana vibaya.

Alafu piga gharama ya kila kitu unachouza, hapa ndo sisi tulikua tunavuja bila kujua. Ngoja nikupe mfano, namba ni za mfano tu, za kwako weka mwenyewe. Umepata oda ya madawati 60 ya shule ya msingi na umekubali 90,000 kila moja. Mbao 38,000, vyuma 32,000, vijiti vya kuchomelea na rangi na skurubu 9,000, umeme 3,000, fundi 15,000, kirikuu cha kupeleka 5,000. Hapo umefika 102,000. Bado mashine, maana randa inachakaa kila siku unapoitumia, weka 4,000, jumla 106,000. Kila dawati linaondoka na 16,000 yako, kwa madawati 60 umepoteza 960,000 na bado mmepiga picha mkifurahi kwamba mmepata oda kubwa. Sisi kabla ya kupiga hesabu hii tulikua tukipata oda nyingi ndo tunazidi kufilisika na hatuelewi kwanini.

Mtu atasema lakini wanafunzi wanaharibu mbao, hiyo gharama nayo iende kwenye dawati? Hapana. Mbao aliyoikata vibaya kijana wa mwezi wa pili ni gharama ya kufundisha, iandike kwenye fungu la mafunzo, kwa sababu kijana asipoharibu mbao hajajifunza na mteja hawezi kulipia somo la mtu. Ukichanganya utajikuta ama bei yako inakua juu kuliko karakana za mtaani ama utaanza kuwakataza vijana kugusa mbao, na shule ambayo vijana wanaangalia tu fundi akifanya imeshakufa hata kama hesabu ziko sawa. Sisi tuliweka sanduku la vipande pembeni, kijana anaandika amekata nini na kimeenda wapi, vile vipande vinatengeneza stuli na vibao vya kukatia mboga.

Uchakavu wa mashine naomba usiuruke. Mashine ya milioni 6 ukitegemea ikae miaka 10 inakula 600,000 kwa mwaka, 50,000 kila mwezi, itoe na uiweke pembeni kweli, sio kwenye daftari tu. Mfadhili akikuletea mashine ya bure ni bure siku ya kwanza, siku mota ikiungua ni ya kwako.

Kuna jambo la majira pia ambalo mtu wa hesabu kutoka nje hawezi kukuambia. Tanga hela ya karakana haiji sawasawa mwaka mzima. Disemba na Januari cherehani zinakimbia kwa sababu ya sare za shule. Kabla ya Idi ni kanzu na magauni, lakini Ramadhani yenyewe uzalishaji wa karakana unashuka, watu wamefunga na jua la huku unalijua, kwaiyo panga kazi nzito za kuchomelea asubuhi na mapema. Masika, Machi mpaka Mei, mbao hazikauki vizuri na unyevu wa bahari unazidisha, ukitengeneza mlango na mbao mbichi utarudishiwa Julai umepinda, kwaiyo nunua mbao mapema ukiwa na hela ya Januari, uzipange kwa vijiti katikati zipate hewa. Hata mitiki inayotoka huku kwetu Muheza, shamba la Longuza, ni nzuri sana lakini nayo ikauke. Na ukifanya kazi ya serikali ujue mwaka wao wa fedha unaisha Juni 30, dai lako liwe mezani kwao mapema na makaratasi yote kamili, usisubiri wiki ya mwisho. Chora kalenda ya miezi 12 ukutani, miezi ya mvua ya hela na miezi ya ukame, utaona yenyewe akiba iwekwe lini.

Haya, ripoti ya mwaka. Watu wanaandika Disemba usiku wakitafuta risiti chini ya godoro. Ripoti inaandikwa kila Ijumaa. Kila Ijumaa saa tisa sisi tunakaa nusu saa, fundi wa kila chumba na mimi, tunajaza ukurasa mmoja: wangapi wamekuja wiki hii, kimetengenezwa nini, kimeuzwa nini, kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, nini kimeharibika. Ikifika mwisho wa mwaka una kurasa hamsini na kitu na ripoti karibu imejiandika.

Kwenye maendeleo ya wanafunzi usiandike "tulipokea vijana 40" ukaishia hapo. Andika wangapi walianza, wangapi walimaliza, wangapi walifanya mtihani wa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) na wangapi walifaulu, na la muhimu kuliko yote, miezi sita baada ya kuondoka wangapi wanafanya kazi kwa mikono yao. Kuwapata ni shughuli, laini zinabadilishwa kila leo, kwaiyo siku ya kujiandikisha chukua namba ya mama na namba ya jirani. Tukiwapigia tunakuta mmoja yuko kwenye gereji, mwingine kaenda Dar, mwingine anatafuta kibarua cha kuchomelea kule Chongoleani linapoishia bomba la mafuta kutoka Hoima Uganda, lile la kilomita 1,443, na wanatuambia wenyewe nini hatukuwafundisha. Wengi walisema hatukuwafundisha kupiga bei ya kazi. Tukaongeza somo hilo mwaka uliofuata, mfano ule wa dawati ndo tunaufundishia.

Na walioacha, waandike pia na sababu. Kwetu wasichana wa cherehani walikua wanaacha zaidi, tulidhani ni ndoa, kumbe tulipowauliza wengi ilikua nauli ya kutoka Pongwe na Duga kila siku. Tukasogeza masomo yao yawe siku tatu ndefu badala ya tano fupi na wakabaki. Kama tungeandika "utoro" kwenye ripoti tungebaki na utoro mpaka leo.

Upande wa hesabu weka karatasi mbili: mwaka jana na mwaka huu zikae bega kwa bega, na chini yake deni lilianza kiasi gani, limelipwa kiasi gani, limebaki kiasi gani. Msomaji akiona deni linashuka na hujaficha kilichobaki ataamini na mengine. Hela yenye masharti iandike peke yake, usiijumlishe na hela ya shule ili ionekane mnazo nyingi. Mtafute mkaguzi wa hesabu mwenye leseni mapema, sio Disemba wakati kila mtu anamtafuta. Kama shule yenu imesajiliwa kama NGO, Sheria ya NGO namba 24 ya mwaka 2002 inataka ripoti ya kazi na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka kwa hiyo sio hiari. Na usidhani kua kwa vile hamgawani faida basi TRA hawawahusu, msamaha unaombwa na unatolewa kwa maandishi, hauji wenyewe, na mapato ya biashara ya karakana yanaweza kutozwa kodi, kaa nao muulize.

Wahitimu nao ni sehemu ya kunyanyuka kwenu. Wakijiunga kikundi wanaweza kuomba ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, yani vijana asilimia 4, wanawake asilimia 4, wenye ulemavu asilimia 2. Wasaidieni kuandika andiko la mradi na kupiga bei. Kikundi cha wahitimu kikipata oda kubwa kitakodi mashine yenu jioni na hiyo ni hela halali ya fungu la uzalishaji.

Ripoti ikiisha isiende kwa wafadhili kwanza. Ita wazazi, mafundi, wanafunzi na mwenyekiti wa mtaa, chini ya mkungu uwanjani, kahawa na kashata, uisome kwa sauti, ukurasa wa deni na wenyewe usome. Mara ya kwanza tulifanya hivi nilikua natetemeka. Mama mmoja akanyanyuka akasema ada ya mwanangu sijamaliza nilidhani mnazo, nitaleta mwisho wa mwezi, na akaleta, na wengine wakafuata. Muuza mbao naye alikuwepo, tulimualika, akasikia jina lake likisomwa na kiasi kilichobaki.

Alafu nakala moja ibandikwe mlangoni mwa karakana, nyingine kwa msajili wa NGO, nyingine kwa wafadhili. Tarehe 2 Januari fungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza andika deni lililobaki, hela zenye masharti zilizobaki, mbao zilizopo stoo kwa idadi na uniti za LUKU zilizopo kwenye mita asubuhi hiyo.