Namna ya Kuandaa Njia ya Jiokashi Kuhusu Maji katika Msitu wa Pugu

Jiokashi ni mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata latitudo na longitudo zinazosomwa kwenye simu au kifaa cha GPS. Ulianza Mei 2000 katika jimbo la Oregon, mara tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuandaa njia ya makasha kadhaa, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe unafaa kuliko ufukwe wowote, kwa kuwa Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivyo, na mchezaji anaweza kuona kwa macho yake yale yanayoyapata maji kabla hayajafika bonde la Jangwani jijini.

Kibali ndicho cha kwanza. Msitu huo ni hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hivyo peleka ofisini kwao ramani inayoonyesha kila kituo, mfano wa kopo litakalotumika kama kasha, na jina la atakayewajibika kuyaondoa makopo siku njia itakapofungwa. Omba kibali cha maandishi, maana askari wa doria atakayekukuta umeinama kichakani hawezi kujua mliyozungumza na mkubwa wake.

Vituo vichaguliwe kwa kufuata mwendo wa maji, na vyote viwe kando ya njia zilizopo, ili wachezaji wasifungue vijia vipya vitakavyogeuka mifereji ya mmomonyoko. Kituo cha kwanza kiwe juu ya kilima, mahali mvua inapogawanyika kushoto na kulia. Cha pili ndicho ninachokithamini zaidi: mwombe mchezaji amwage maji kidogo ya chupa yake kwenye njia iliyokanyagwa, kisha kiasi kilekile chini ya mti penye majani makavu, na aangalie ni wapi yanazama upesi, jibu lake limpe tarakimu moja ya longitudo ya kasha la mwisho. Cha tatu kinafaa kuwa kwenye korongo linalokauka kiangazi, na cha nne pembeni mwa eneo lililokatwa miti kwa ajili ya mkaa. Vituo vinne vyenye la kufundisha vinatosha. Kanuni ya mchezo inataka makasha yaachane kwa mita 161 au zaidi, na katika msitu huu ningeyaachanisha zaidi ya hapo.

Mapango yaliyochimbwa kaolini yasiwe na kasha lolote, hata kama yanavutia. Yana popo wasiopaswa kusumbuliwa, na vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba kuvu anayedhuru mapafu.

Chini ya miti mirefu GPS huyumba, kwa hiyo pima kila kituo zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, kisha chukua wastani. Andika nyuzi na dakika zenye desimali tatu. Tofauti ya tarakimu moja mwishoni kwenye latitudo ni takriban mita 1.85, kiasi kinachovumilika.

Kopo liwe na mfuniko wa kukaza, kwani likiingiza maji litaozesha daftari, na likiachwa wazi litazalisha mbu. Ndani weka daftari, penseli na zawadi ndogo ambazo anayezichukua huacha nyingine ya thamani ileile, lakini chakula kamwe, maana siafu na ngedere watalifikia kabla ya mchezaji. Usichimbe wala kupigilia msumari kwenye mti. Juu ya kopo andika kwa Kiswahili kinachosomeka kwamba ni mchezo, pamoja na namba ya kibali, kwa sababu mwokota kuni atakayekuta kifurushi kimefichwa kwenye shina ana haki ya kudhani ni uchawi au jambo baya zaidi.

Katika maelezo utakayotangaza, taja kiingilio cha hifadhi, viatu vinavyofunika vidole, na ushauri wa kutokwenda peke yako. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, funga kituo cha korongoni, na mvua zikiisha kayakague makopo yote kabla ya kuifungua njia upya.