Kuondoa puti iliyokaukia sakafuni baada ya fundi rangi kuondoka

Fundi rangi akishaziba nyufa na kusawazisha kuta, mara nyingi huacha sakafuni matone ya puti yaliyogandamana kama ukoko kwenye sufuria ya ugali. Hapo ndipo wenye nyumba wengi huharibu sakafu, kwa kuwa hukimbilia kisu au tindikali ya kusafishia choo kabla ya kujua puti hiyo imetengenezwa kwa kitu gani.

Lowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, kifunike juu ya tone moja kwa dakika 15, kisha bonyeza tone hilo kwa ukucha. Likiwa la jipsamu, ukucha utaacha alama na sehemu ya juu itaanza kuwa laini kama uji mzito. Maji hayaiyeyushi jipsamu sana, kwani lita moja huchukua takribani gramu 2 tu, lakini hupenya katika vitundu vyake na kulegeza mshiko wake. Kwa hiyo kitambaa kilichoachwa juu yake kwa nusu saa hufanya kazi kubwa kuliko ndoo nzima ya maji inayomwagwa na kusuguliwa papo hapo. Puti ikishalegea, ikwangue kwa kadi ya plastiki ya zamani au kwa mwiko wa mbao uliolazwa, na kwenye mistari iliyo kati ya vigae tumia mswaki uliochakaa. Badilisha maji mara kwa mara, kwa sababu maji yaliyochafuka yakikauka huacha ukungu mweupe unaokulazimu kudeki upya.

Tone lisilolegea hata baada ya saa nzima huenda ni la puti ya saruji nyeupe. Likwangue kwanza uondoe sehemu kubwa, kisha, ikiwa sakafu ni ya vigae vya kauri vyenye mng'ao, paka siki kwenye alama iliyobaki, subiri dakika chache na usuuze vizuri bila kuiacha ikae kwenye mistari ya saruji. Kamwe usichanganye siki wala tindikali yoyote na dawa ya kupaushia yenye klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Nakusihi usiweke siki wala tindikali kwenye sakafu ya terazo au ya mawe ya marumaru. Mawe hayo yana kalisi kabonati, ambayo huliwa na asidi. Katika nyumba niliyohamia, aliyesafisha kabla yangu alimwagia matone ya puti dawa ya choo. Puti ilitoka, lakini kila mahali ilipokuwa palibaki duara lililofifia, ambalo ukilipapasa kwa kidole unahisi mkwaruzo, na halikuondoka mpaka sakafu ilipopigwa mashine upya.

Sakafu ya mbao haitaki kulowekwa. Tumia kitambaa kilichokamuliwa vizuri kwa dakika tano tano, ukikwangua kwa kufuata mkondo wa nyuzi na kukausha kila mara. Fremu za alumini hazistahimili chuma, kwa hiyo tumia plastiki pekee. Puti ya akriliki inayouzwa tayari kwenye ndoo au mirija ikigoma kulegea kwa maji, jaribu spiriti kidogo kwenye kona isiyoonekana kabla ya kuendelea, madirisha yakiwa wazi na jiko likiwa limezimwa.

Vumbi lililobaki lisifagiliwe likiwa kavu, kwani hupeperuka na kuingia mapafuni. Linyunyizie maji kwanza, na uvae barakoa. Maji ya kusuuzia nayo yasimwagwe kwenye sinki, kwa sababu masimbi ya puti hujikusanya kwenye kona ya bomba na kuliziba. Yaache kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi mwaga nje maji yaliyotulia juu, kisha komba tope jeupe lililobaki chini ulitupe pamoja na taka.