SOMO: Mita ya sindano inayodai betri ya volti 15, tengeneza betri hiyo mwenyewe

Naandika mara moja halafu basi, maana inboksi kila siku ni lile lile: "mkuu AVO yangu inasoma volti freshi, ampea freshi, ohmu ndogo freshi, ila ohmu kubwa sindano imelala, ndio imekufa?" Haijafa. AVO Model 8, ile mita ya sindano ya kupima volti, ampea na ohmu, ina betri mbili, ile nene ya 1.5 ya ohmu za chini, na kadogo ka volti 15 ka ohmu kubwa, renji ya mara 100. Hako kadogo siku hizi ni adimu, na ukikabahatisha kameshakaa stoo mpaka kamechoka. Volti na ampea hazigusi betri kabisa, umeme unaoupima ndio unaosukuma sindano, ndio maana huko kote inapiga kazi. Kuna mita nyingine zinataka 22.5, njia ni hii hii.

1. Chomoa probu. Fungua kifuniko cha betri.

2. Toa betri ya zamani, piga picha upande wa chanya na hasi.

3. Kama kuna alkali imevuja, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, acha ikauke. Pamba iwe na unyevu tu, usimwage.

4. Tafuta LR44 (vile vibetri bapa kama kifungo, volti 1.5) kumi za pakiti moja. Kumi mara 1.5 ni 15. Za 22.5 ni kumi na tano. Mpya na nzee usichanganye.

5. Zipange. Hapa soma taratibu. Kumi kwenye mstari mmoja ni kama milimita 54, chumba hakitoshi, kwa hiyo unafanya mistari miwili ya tano tano, imelala pamoja. Sasa ubavu wote wa LR44 ni chanya, sio lile bapa peke yake, hasi ni kale kakofia tu. Mimi sikujua. Nilizipanga vizuri nikazifunga zote kwa selotepu moja, mistari imegusana ubavu kwa ubavu, nikapima nikaona volti saba na kitu, nikajua mita ninayopimia ndio mbovu nikaenda zangu kula. Narudi, pakiti ina moto kama kikombe cha chai, mbili zimevimba na moja imetema maji yake juu ya mchoro wa sakiti niliokuwa nao mmoja tu. Ni shoti, kila betri inamla jirani yake.

Kwa hiyo kila mstari uwe na bomba lake la plastiki. Mimi nakata sirinji ya ml 5, ndani ni kama mm 12 na LR44 ni 11.6, inaingia kama imepimiwa (sirinji za kampuni nyingine ni pana kidogo, zungushia betri karatasi). Na USILEHEMU JUU YA BETRI. Joto linaharibu ule mpira wa kuziba na inaweza kukupasukia usoni. Waya, pamoja na ule unaounga chanya ya mstari mmoja na hasi ya mwingine, zishikwe na springi au kibati kinachobana.

6. Pima kabla hujaweka. Mpya zinatoa 15 na nusu hivi, hata 16.

7. Weka, gusanisha probu, rudisha zero kwa nobu. Renji hii inakula chini ya miliampea moja, itakaa miaka.

MASWALI

Kijana_wa_sakiti: mkuu naweza kuweka tu ile ya 9V?

Mwandishi: Hapana. Zero haitafika.

Kijana_wa_sakiti: na adapta ya 15V je? nyumbani ninayo

Mwandishi: Yaani mita ya kubeba mkononi uifunge ukutani kwa waya, halafu uende kupima nayo vitu vya umeme. Hapana.

Mama_Ohmu: Nimefuata yote, mabomba mawili, ila napata 12.5. Betri mpya kabisa.

Mwandishi: Dada hiyo ni dalili nzuri. Moja umeigeuza. Haiondoi volti yake tu, inapunguza na ya mwenzake, ndio maana zimepotea tatu. Angalia ndani ya kila bomba kofia zote zielekee upande mmoja.

Mama_Ohmu: Ya nne. Sasa 15.6, asante.

Mzee_Transista: Mimi sina LR44 kumi, nina A23 za rimoti.

Mwandishi: Safi, hiyo ni 12, ongeza LR44 mbili unapata 15. Kwa 22.5 ongeza saba.

Msomi_mgeni: Baada ya kuweka, diodi inapitisha kinyume, waya mweusi ukiwa kwenye anodi. Nimegeuza betri?

Mwandishi: Hujakosea, na nimefurahi umeuliza. Mita nyingi za sindano zikiwa kwenye ohmu, waya mweusi ndio unatoa chanya, tofauti na za dijitali. Kingine, kwenye renji ya volti 15 usishangae besi na emita ya transista ikipitisha pande zote mbili, nyingi zinavunjikia kwenye volti 5 hadi 7 hivi. Transista ni nzima, kagua tena kwa renji ndogo.

Msomi_mgeni: Nina HP 3478A pia, mita ya dijitali ya mezani, betri ya ndani imechoka. Nitoe tu niweke nyingine?

Mwandishi: SUBIRI. Hiyo ya volti 3 ndiyo inashikilia kalibresheni kwenye memori, ukiitoa kavu imefutika. Kama una GPIB (kiunganishi cha mita na kompyuta), soma data uihifadhi kwanza. Kisha zima, chomoa ukutani, chukua AA mbili zilizofuatana ziwe volti 3, ziunganishe sambamba na betri ya zamani, chanya kwa chanya, kupitia rezista ya kilo-ohmu 1, ndipo utoe ya zamani. Chuma cha kulehemu kikishapata moto kichomoe kwenye umeme kabla hakijagusa bodi.

Kijana_wa_sakiti: na mimi AVO yangu niweke hizo AA mbili?

Mwandishi: Rudi hatua ya 4.