Kabla ya Kuomba Miche, Tembelea Visiki vya Shamba Lako

Mkulima akitaka miti shambani, swali lake la kwanza kwangu ni miche: itapatikana wapi, na ni bei gani. Mimi humwomba twende kwanza shambani. Huku Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mche uliopandwa 1 Aprili, siku ya taifa ya kupanda miti, unakutana na kiangazi kirefu hata mizizi haijashuka.

Kumbe miti ipo. Yale machipukizi unayoyafyeka kila mwaka ukiandaa shamba, na kila mwaka yanarudi, yanatoka kwenye visiki ambavyo mizizi yake iko chini kuliko plau inavyofika. Kuyalea hayo ndiyo tunaita kisiki hai. Nchini Niger, Afrika Magharibi, eneo la Maradi, walianza mwaka 1983. Leo inakadiriwa njia hiyo imerudisha miti kwenye hekta milioni 5 hivi.

Anza na kisiki kimoja, wakati wa kiangazi. Utakuta machipukizi hata 15 yamesongamana kama ufagio. Chagua 3 hadi 5 yaliyonyooka na kunenepa. Mengine yaondoe kwa kisu kikali, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, maana likichanika uozo huingia. Yale uliyoyaacha, yatoe matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, basi. Wengi hapa huzidisha: wanapogoa hadi kinabaki kijiti chenye kishungi, upepo ukija unakilaza. Kisha funga kitambaa chekundu, alama kwamba kisiki hicho kisifyekwe. Nimeshuhudia kisiki kilicholelewa misimu 2 kikifyekwa asubuhi moja na kibarua ambaye hakuambiwa kitu. Matawi ya miiba uliyokata yazungushie kisiki, mbuzi wasifike. Baada ya miezi michache rudi upunguze yaliyochipua upya.

Wenye uwele na mtama hulalamika kwamba miti huleta ndege. Hawakosei, na kivuli kizito nacho hudumaza mazao. Kwa hiyo usilee kila kisiki: kama 20 kwa ekari, hatua 15 hivi kati ya mti na mti, panatosha kuanzia. Ukiwa na mkababu (Faidherbia albida), ulinde kama mali. Mti huu hupukutisha majani mvua zinapoanza, mtama ukapata jua na udongo ukapata mbolea.

Kazi ngumu kweli ni mifugo. Mkishavuna, shamba ni malisho ya kila mtu, na ng'ombe hajui kitambaa chekundu. Kaeni na wafugaji pamoja na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya mavuno, mkubaliane mifugo ipite wapi na nani atalipa ikiharibu.

Shina likishakuwa nene kama mkono, kata 1 kwa kuni, uache mengine yaendelee. Chipukizi jipya litakalotokea hapo, lichague lishike nafasi yake.