Unafuga nywele na bado unaambiwa ukate? Soma hii kwanza

Wasee, hili swali naulizwa kila wikendi: nafuga nywele, je nikuwe nakata ncha ama niziache tu zijiendee? Na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa na kinyozi wake kwamba ukipunguza kidogo kila mwezi zinakimbia zaidi. Hapana. Nywele inamea kutoka kwa mzizi ndani ya ngozi, hiyo unaona nje ilikufa kitambo, haiwezi kujua kama umeikata ama umeiacha. Kwa mwezi inaongezeka sentimita 1 hivi, na hizi zetu za kipilipili mara nyingi hata hazifiki hapo. Sasa piga hesabu. Ukikata sentimita 1 kila mwezi, Desemba ikifika uko pale pale ulikuwa Januari, na kinyozi amekula pesa yako mara 12.

Lakini kutogusa kabisa pia kuna shida yake. Ncha ndio sehemu kongwe. Ukiwa na nywele za sentimita 15, ile ya mwisho kabisa imeishi zaidi ya mwaka, imechanwa, imelaliwa, imevalishwa kofia ya sufu Julai yote. Ikipasuka haiponi, hakuna mafuta ya kuunganisha hata kama muuzaji anaapa, mpasuko unazidi kupanda mpaka siku moja inakatika. Ndio unasikia mtu akisema zake zimekataa kurefuka, na kumbe zinamea poa tu, ni vile huku mwisho zinakatika kwa kasi ile ile.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: kata kwa sababu ncha imeharibika, usikate eti kwa sababu mwezi umeisha.

Mimi nilijua hii kwa uchungu. Nilikuwa nimefuga miezi 8, nikaingia kwa kinyozi mmoja wa mtaani, nikamwambia "bosi, nipunguzie ncha tu". Akasema hakuna shida. Nikainama kidogo kujibu meseji, kuinua macho kwa kioo naona njia imepita katikati ya kichwa kama barabara ya lami kwa shamba la mahindi. Kwake kupunguza ni mashine, na mashine haijui ncha, inajua namba. Ilibidi amalizie tu. Na nikalipa, hiyo ndio huniuma mpaka leo.

Sasa twende.

Hatua ya 1, miezi 3 ama 4 ya kwanza usiguse juu. Bado hakuna ncha ya kuokoa. Kinachosumbua wakati huu ni shingo na kando ya masikio, hapo chonga, ndio unaonekana mtu anayefuga na si mtu aliyekosa pesa ya kinyozi. Kama ulikuwa na fedi, ile ya pembeni kunyolewa fupi, kaa chonjo, kwa sababu kinyozi mkono wake unaenda pembeni wenyewe bila hata kufikiria. Akipasafisha kila wiki juu inazidi kuvimba, baada ya miezi michache unatembea kama uyoga. Mwambie achonge tu ukingo wa masikio, pembeni kwingine pasiguswe, na kwa wewe wa fedi pekee, kama lazima kitu kitolewe kitoke juu kidogo, mpaka pembeni pafikie. Na asikuchonge paji la uso kila saa, ile laini ya nywele inarudi nyuma polepole na wewe hujui.

Hatua ya 2, pima. Kipilipili inajikunja ikaficha hata zaidi ya nusu ya urefu wake, ndio unadhani hakuna kitu kinaendelea. Chagua kishungi kimoja, mimi hutumia kile kiko juu ya sikio la kushoto, kivute kinyooke na uone kinafika wapi. Changu kilianza kugusa ncha ya sikio, siku hizi kinafika kidevuni. Piga picha.

Hatua ya 3, kagua. Hapa ndio kazi iko na hapa ndio watu huruka. Keti karibu na dirisha mchana, weka karatasi nyeupe, tandaza kishungi juu yake. Ncha nzima inaisha wima, imekatika safi. Mbovu inaisha na matawi mawili, ama iko na sehemu nyeupe nyeupe hapo kati, ama imejifunga kafundo kenyewe. Hako kafundo kadogo kalinitisha mara ya kwanza, kanakaa yai la chawa kabisa, niliosha kichwa mara mbili nikilaumu kofia ya mitumba. Kumbe ni unywele mmoja umejizungusha. Kata juu kidogo ya kafundo, usikavute.

Hatua ya 4, kukata kwenyewe. Nunua mkasi wa nywele na usiutumie kwa kitu kingine. Ule wa kukatia nguo na maziwa ya pakiti ni butu, unatafuna nywele na unaacha mpasuko mpya. Osha, paka kondishona, gawanya kichwa sehemu 4, sokota twisti za kawaida zikauke. Kisha kata kila twisti nusu sentimita huko mwisho, pale inakuwa nyembamba kama mkia wa panya. Ukifika pale imejaa, simama. Mkono ukiwashwa kuendelea weka mkasi chini, nakuambia.

Hatua ya 5, rudia ukaguzi baada ya miezi 3 ama 4. Ukikuta ncha ziko sawa funga mkasi, hakuna deni.

Na hapo kati usichane kavu, na chana kuanzia chini ukipanda.

Maswali yenu

Swali: Niko boda Kasarani, helmeti naivaa masaa 10, kisogoni zinakatika, nikate?
Jibu: Kata zilizoharibika lakini shida ni helmeti inasugua. Vaa kitambaa cha satini ndani, sokoni Gikomba hukosi skafu, na ukifika nyumbani suuza jasho kwa maji. Ukikata bila kuzuia msuguo utakuwa unakata kila mwezi.

Swali: Mi niko na dredi, hii inanihusu?
Jibu: Hapana. Kichwa kinaangusha nywele 50 hadi 100 kwa siku, kwa dredi zinabaki zimenaswa humo ndani, hizo ncha hazikusumbui. Dredi unakata tu kama ncha imekonda inataka kukatika, ama umechoka na uzito.

Swali: Sister yangu hukata kila mwezi na ziko mpaka mgongoni, sasa nani anadanganya?
Jibu: Hakuna anayedanganya. Muulize anakata kiasi gani, nadhani ni kama punje ya mchele. Zake zinakaa kwa sababu anazitunza. Akiacha kukata kesho hazitasimama kumea.

Swali: Nasuka mistari Kenyatta Market kila wiki 2, si hizo ncha zimejificha?
Jibu: Ncha ndio, lakini mbele je? Ukitoka kwa kiti na paji limevutwa huwezi kukunja uso, ama unapata vipele pale laini inaanza, mwambie aliyekusuka alegeze ama ufungue usiku huo huo. Mbele ikivutwa miaka inaweza kuondoka isirudi. Na ukifungua kagua kabla ya kusuka tena.

Swali: Zangu ni laini, twisti hazishiki.
Jibu: Ile ya usichane kavu ni ya kipilipili, wewe chana zikiwa kavu, shika kishungi kati ya vidole viwili, teremsha vidole mpaka mwisho, kata kinachotokea nje. Kwako mpasuko utauona haraka kuliko sisi.

Swali: Niko na intaviu ya benki Jumatatu, na nimefika ile stage ya uyoga.
Jibu: Buda usinyoe. Chonga shingo leo, Jumapili jioni sukwa mistari ya kurudi nyuma, myembamba, isiyokaza. Na kwa kinyozi usiangalie simu.